SOMO LA VIKUNDI: MZEE AKAE WAPI?



Tumezoea kuzungumza nanyi juu ya matangi ya maji, mbuzi wa maziwa na akiba ya kikundi. Safari hii tunaomba mkae polepole, kwa sababu somo lenyewe linagusa kila boma.

Tukitembelea vikundi tunaulizwa swali moja mara kwa mara: "Kwa nini kanisa lisijenge nyumba ya wazee hapa kwetu?" Swali likishaulizwa, mwingine husimama na kusema, "Hiyo ni tabia ya Wazungu. Mwembu hampeleki mamake kutunzwa na watu asiowajua." Halafu kikao chote kinanyamaza. Wanaonyamaza zaidi ni wazee wenyewe, na hao ndio wenye neno.

Lengo la somo: Kila mwanachama aweze kusikiliza moyo wa mzee kabla ya kumwamulia, na kikundi kichague jambo moja la kufanya.

Muda: Saa moja na nusu, au vikao viwili.

Vifaa: Biblia, karatasi kubwa, kalamu nene. Wazee wawili au watatu waalikwe, na wapewe viti vya mbele.

KUONA

Hadithi ya kusomewa kikundi. (Si ya mtu mmoja. Tumeitunga kutokana na mambo tunayokutana nayo vijijini.)

Cucu ana miaka 82. Anakaa juu ya Runyenjes kwa shamba la ekari mbili, kahawa iliyozeeka, ng'ombe mmoja na kuku. Guka alifariki zamani na amezikwa hapo hapo shambani. Watoto ni watatu: kijana mkubwa yuko Nairobi, binti ameolewa Kirinyaga, na kitinda mimba anafanya kazi Mombasa. Wote humtumia pesa kwa simu. Usiku mmoja wa mvua Cucu alianguka akienda choo, akavunjika mkono, akalala chini hadi jirani alipokuja asubuhi kuchukua maziwa.

Watoto walikuja wote. Mkubwa akasema, "Mama, twende Nairobi." Binti akasema, "Tumtafutie msichana wa kazi." Kitinda mimba akasema, "Kuna nyumba ya wazee ya masista. Atapewa dawa kwa saa yake, ataogeshwa, na atakuwa na wenzake wa kuongea nao." Mkubwa akakasirika: "Watu watasema tumemtupa mama!" Wakabishana mpaka jioni. Cucu alikuwa jikoni akisikia yote, na hakuna aliyemwita.

Kesho yake jirani alimuuliza, "Na wewe mwenyewe, unataka nini?" Cucu akajibu hivi:

"Nimechoka kulala peke yangu. Giza likiingia naogopa, na sitaki mtu ajue. Nikisikia kuna mahali wamama wa rika langu wanaota jua pamoja na kuletewa chai, moyo unataka kwenda. Lakini nikifikiria kufunga huu mlango na kumpa mtu ufunguo, moyo unakataa. Hapa nikiamka najua kazi yangu. Kuku wananijua. Huko nitakuwa nani? Nairobi nilikaa wiki mbili, orofa ya tatu. Asubuhi wote wanaenda kazini na shule, mimi nabaki na televisheni. Nilikuwa peke yangu kuliko hapa. Watoto wangu ni wazuri, silaumu mtu. Lakini pesa ya simu haiwezi kunifunga kitambaa cha kichwa na huu mkono. Na nikifa mbali, nitarudishwa karibu na mzee wangu?"

Maswali ya kwanza

1. Cucu anataka kwenda au kukaa? Ni maneno gani yanaonyesha hivyo?
2. Kila mtoto anaogopa nini? Mkubwa je? Binti je? Kitinda mimba je?
3. Ni nani kijijini kwetu anaishi kama Cucu? Tuhesabu kwa vidole.

Kwa kiongozi wa somo: Wengine watajibu haraka, "Cucu anataka kukaa." Wengine watasema, "Anataka kwenda." Waache wabishane kidogo, halafu warudishe kwenye maneno yake. Cucu anataka yote mawili, na hasemi uongo. Mtu anaweza kuogopa nyumba yake usiku na kuipenda asubuhi. Ukimlazimisha aseme neno moja tu, atakuambia lile unalotaka kusikia, kwa sababu mzee anayetegemea watu huogopa kuwaudhi.

Na watoto nao wana mioyo miwili. Wanampenda mama, na wamechoka. Wanaona aibu, na hawajui pa kukopa pesa. Binti aliyeolewa anauguza mama mkwe kwake na mama mzazi kwa simu. Haya yakifichwa, yanatoka kama ugomvi wa shamba. Yakisemwa, yanaweza kupangwa.

MAMBO YALIYOBADILIKA

Zamani swali hili halikuwa na nguvu. Boma lilikuwa na wake wa wana, wajukuu na majirani wa ukoo mmoja. Mtoto huitwa jina la babu au la nyanya yake, ndiyo maana Cucu humtania mjukuu wake, "Njoo, mume wangu." Mzee alikuwa na kazi: kupatanisha, kusimulia, kulinda mbegu, kuangalia watoto. Meru walikuwa na Njuri Ncheke, na Embu na Mbeere walikuwa na kiama. Penye wazee hapaharibiki jambo.

Siku hizi shamba limegawanywa mpaka halitoshi kuwaweka vijana. Watoto wamesoma na kazi iko mbali. Wajukuu wako shule mpaka jioni. Na watu wanaishi zaidi. Sensa ya 2019 ilihesabu Wakenya wenye miaka 60 na zaidi kuwa karibu milioni 2.7, kati ya watu wote milioni 47.6. Kwa hiyo wenye uzito huu si familia moja iliyokosa adabu. Tuache kulaumiana, tutazame.

Nyumba za wazee zikoje?

Ziko katika nchi yetu, na si kitu cha kigeni kabisa. Nairobi kuna Nyumba ya Wazee ya masista wanaoitwa Masista Wadogo wa Maskini. Shirika lao lilianza Ufaransa mwaka 1839, wakati Jeanne Jugan alipomchukua mama mzee kipofu na kumlaza katika kitanda chake mwenyewe. Kanisa lilimtangaza kuwa mtakatifu mwaka 2009. Mpaka leo masista hawa huwalisha wazee kwa kuomba sadaka. Wapresbiteri wana nyumba yao Thogoto, Kikuyu. Kaunti ya Nairobi ina Mji wa Huruma. Kule Zanzibar serikali ina makazi ya wazee Sebleni na Welezo.

Wengi wanaopokewa katika nyumba za aina hii ni wale wasio na mtu, au waliofukuzwa. Katika Kaunti ya Kilifi, ambako wazee wameuawa kwa kushukiwa uchawi, kituo cha Kaya Godoma kule Ganze kimewapokea waliokimbia kuokoa maisha yao. Kwa mzee kama huyo nyumba hiyo ni wokovu, na mtu asiidharau.

Mzee anayekwenda kwa nyumba ya wazee hupata na hupoteza. Chora mstari katikati ya karatasi, muandike pande mbili. Upande wa kupata: chakula cha moto, dawa kwa saa, kuoga bila aibu, mtu wa kuita usiku, rafiki wa rika. Upande wa kupoteza: ufunguo wake, kuku wake, lugha yake kama wenzake hawasemi Kiembu, jumuiya yake ndogo, uhuru wa kula saa anayotaka. Wazee walioalikwa waulizwe kwanza, vijana baadaye. Mtaona wazee huandika mambo ambayo vijana hawakuyafikiria.

Na kujenga je?

Vikundi vingine vinafikiri kazi ni mawe na mabati. Hebu tupige hesabu. Wiki ina saa 168. Mtu akifanya kazi saa 48 kwa wiki, mnahitaji karibu watu wanne ili nafasi moja tu ya mhudumu isikae wazi, usiku na mchana na Jumapili. Hao wanne wanataka mshahara kila mwezi, mwaka baada ya mwaka, hata baada ya harambee kusahaulika. Bado hamjanunua chakula, sabuni, kuni na dawa. Hatusemi haiwezekani. Tunasema msianze kwa msingi wa mawe kabla ya kujua nani atakuwa macho saa nane za usiku.

KUAMUA

Tusome Neno la Mungu. Mgawanyike vikundi vidogo vinne, kila kimoja kifungu chake, kisha mrudi na kueleza kwa maneno yenu.

Yoshua bin Sira 3:1-16. Hapa mtoto anahimizwa kumvumilia baba yake hata akili ikipungua. Swali: Mzee anayesahau na kurudia maneno, tunamwitaje nyuma yake?

Marko 7:9-13. Yesu anawakemea watu waliosema mali yao ni sadaka kwa Mungu, kumbe wanakwepa kuwasaidia wazazi. Swali: Je, mtu anaweza kutajwa kwa sauti katika harambee ya kanisa, na huku mamake hana blanketi?

Matendo ya Mitume 6:1-6. Wajane fulani walisahauliwa katika mgawo wa kila siku. Mitume hawakusema tu "tupendane." Jumuiya iliwachagua watu saba kwa majina ili kazi ifanyike. Swali: Kwetu, kazi ya wazee iko mikononi mwa nani kwa jina?

Yohane 21:18. Yesu anamwambia Petro kwamba akizeeka mwingine atamfunga mshipi na kumpeleka asikotaka. Neno hili lilihusu kifo cha Petro, lakini kila mzee akilisikia anajijua. Swali: Tunawezaje kumsaidia mzee bila kumpeleka asikotaka?

Baada ya kusikilizana, kiongozi aulize: Je, kumpeleka mzazi kwa nyumba ya wazee ni dhambi? Msikimbilie ndiyo wala hapana. Sisi tunaona hivi. Kumtupa mzazi ni dhambi, na mzazi anaweza kutupwa hata akiwa kwa boma lake, ndani ya nyumba ya mawe, na simu mkononi. Na anaweza kupendwa akiwa kwa masista, ikiwa alikubali mwenyewe, watoto wanakuja, na mlango wa kurudi nyumbani haukufungwa. Wanaosema "mtu kwao" wamesema kweli. Lakini kwao ni kule anakojulikana kwa jina na neno lake likasikika.

Katiba yetu ya 2010, kifungu cha 57, inasema jambo linalokaribiana na hili. Wazee, yaani waliofikisha miaka 60, wana haki ya kushiriki mambo ya jamii, kujiendeleza, kuishi kwa heshima bila kudhulumiwa, na kupata matunzo kutoka kwa familia na serikali. Ona kwamba familia na serikali zimetajwa pamoja. Mmoja asimsukumie mwingine.

KUTENDA

Hapa chini kuna hatua sita. Msizichukue zote. Chagueni moja au mbili mnazoweza kwa mwaka huu.

1. Orodha ya wazee. Muandike kila mzee anayelala peke yake, anaye nani wa karibu, namba ya simu ya mtoto wake, na anachoogopa zaidi. Orodha ikae kwa karani, isisomwe hadharani.

2. Zamu ya kutembelea. Tuseme kikundi kina watu 24 na wazee ni 12. Kila mzee anapata wawili. Kila mmoja akienda mara moja kwa wiki, mzee anaonwa mara mbili. Ziara si ya kusalimu mlangoni tu. Teka maji, angalia dawa, kaa chini, sikiliza. Wanaume nao waingie zamu, kwa sababu kuna wazee wanaume wasiotaka kuogeshwa na mwanamke, na hawasemi.

3. Kurekebisha nyumba. Wazee wengi huharibikiwa kwa kuanguka. Siku moja ya kazi ya pamoja inatosha: ngazi za choo zisawazishwe, mti wa kushikilia ukazwe ukutani, kiti cha mbao chenye tundu kiwekwe chooni, kopo la usiku liwe karibu na kitanda, taa iwe mahali mkono unafika. Kwa watu 24 haya ni kazi ya Jumamosi mbili.

4. Haki na afya. Mzee wa miaka 70 na zaidi anaweza kuandikishwa katika Inua Jamii, mpango wa serikali wa shilingi 2,000 kwa mwezi. Muulize kwa chifu na kwa ofisi ya maendeleo ya jamii ya kaunti ndogo, mkiwa na kitambulisho cha mzee. Pesa hizi mara nyingine huchelewa na kulipwa kwa pamoja, kwa hiyo mzee asiishi kwa kuzitegemea tu. Anayemsindikiza kuzichukua awe mtu ambaye mzee amemchagua. Tangu Oktoba 2024 bima ya NHIF ilibadilishwa na Mamlaka ya Afya ya Jamii, SHA. Aliyeandikishwa anatibiwa bila malipo katika zahanati na vituo vya afya vilivyo katika mpango huo. Kulazwa katika hospitali kubwa kunataka mchango uwe umelipwa, na kiwango cha chini ni shilingi 300 kwa mwezi kwa kaya. Watoto walio mbali wanaweza kugawana hiyo. Mtoto wa jicho hutibiwa kwa upasuaji, msiseme "ni uzee tu." Na mzee anayepotea njia au kuwasahau watoto wake huenda ana ugonjwa wa akili ya uzeeni. Hajalaaniwa, na si mchawi. Apelekwe kliniki.

5. Kikao cha familia. Kabla ya kumhamisha mzee popote, watoto wakae naye. Kikundi kinaweza kumpa shahidi, mtu mzima anayeheshimiwa. Mzee aseme wa kwanza. Kama ni kwenda mahali papya, aende kwanza kwa mwezi mmoja, nyumba yake ikae kama ilivyo, ng'ombe asiuzwe. Mwezi ukiisha aulizwe tena, bila watoto kuwa karibu. Na maneno ya kuzikwa yasemwe wazi hapo hapo. Sisi tumeona mzee akitulia mara tu alipoahidiwa mbele ya watu kwamba atarudishwa kwa shamba lake.

6. Shamba. Tunalisema kwa upole lakini tunalisema. Mzazi asigawe kila kitu akabaki mgeni kwa boma lake. Abakishe nyumba na sehemu inayomlisha. Shamba la kilimo haliuzwi wala kugawanywa kihalali bila kibali cha bodi ya ardhi. Mzee afike mbele ya bodi yeye mwenyewe, pamoja na mtu anayemwamini, na asiweke kidole gumba kwa karatasi ambayo hajasomewa kwa lugha yake.

Na pesa za haya yote? Watu 24 wakiweka shilingi 50 kila wiki, ni shilingi 1,200 kwa wiki, na kwa mwaka ni 62,400. Hazijengi nyumba ya wazee, lakini zinanunua taa, blanketi, nauli ya kliniki, na kumlipa jirani anayelala na mzee mgonjwa kwa usiku kadhaa. Muweke katika daftari lake, mbali na pesa za meri-goraundi. Mweka hazina asome hesabu kila mwezi.

Wazo moja zaidi kwa vikundi vilivyo karibu na kanisa. Kabla ya kufikiria nyumba ya kulala, jaribuni siku moja ya wazee kila wiki, kuanzia saa nne asubuhi hadi saa tisa. Ukumbi upo, sufuria zipo. Wazee waje, wapikiwe, wapimwe presha na mhudumu wa afya wa jamii, wasuke vikapu wakitaka, wafundishe watoto hadithi na vitendawili, halafu jioni kila mmoja arudi kwake na ufunguo wake. Yule Cucu wa hadithi angepata wenzake wa kuota jua nao, na kuku wake wasingemkosa. Usiku bado ungebaki na shida yake, ndiyo maana zamu na jirani wa kulala naye zinahitajika.

MASWALI YA KUFUNGA

1. Katika hatua sita, tunachagua gani? Nani ataisimamia, kwa jina, na kuanzia lini?
2. Tutajuaje baada ya miezi mitatu kwamba mzee anaishi vizuri zaidi? Tutamuuliza nani?
3. Kila mmoja ajiulize kimya: Mimi nikifika miaka 80, ningependa kuwa wapi, na je, nimewaambia watoto wangu?

Tarehe 1 Oktoba ni siku ya kimataifa ya wazee. Na Papa Fransisko mwaka 2021 aliweka Jumapili ya nne ya Julai kuwa siku ya mababu, mabibi na wazee katika Kanisa zima. Kikundi kinaweza kuchagua mojawapo ya siku hizo kueleza jumuiya kile mlichofanya. Siku hiyo wazee wasikalishwe tu mbele na kupewa soda. Wapewe nafasi ya kusema, na karani aandike.

Mkimaliza somo, simameni, mshikane mikono, na mzee kuliko wote aombe kwa lugha yake. Halafu mtuletee taarifa ya mlichoamua, hata kama ni kidogo, ili vikundi vingine vijifunze kwenu.

Tuko pamoja katika kazi.